Kuta Alizoziba Albert

Mume wangu Albert ni fundi wa nyumba hapa Baraka, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mimi ndiye ninayemkandia udongo, kwa hiyo nayajua makosa yake kuliko padri anayemuungamisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumjua Albert. Yeye aliziba kila ufa, na kuta bado anazijenga upya.

Baba yake alimfundisha kujenga kwa matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, kuyapaka udongo, na kuacha uwazi wa kiganja chini ya bati ili hewa itoke. Kisha dhahabu ya machimbo ya Misisi ikaanza kurudi nyumbani kwa pikipiki. Kila aliyeokota kitu kule shimoni alitaka nyumba yake ipakwe saruji, sima kama tunavyoiita hapa, nje na ndani, na ule uwazi wa juu uzibwe, upepo wa ziwa usiingie. Albert alijua kwamba udongo ukifungiwa hivyo, maji yanayopanda kutoka chini hayana pa kutokea. Nilimwambia kwamba baba yake hakujenga hivyo.

“Banataka sima, Mama Darius,” akanijibu. “Mi nikikatala, batatafuta fundi mwengine.”

Akapaka. Tukala, sikatai.

Wiki iliyopita tuliitwa na Adolphine, anayekaa mtaa wa chini, karibu na ziwa. Mumewe Placide alifukiwa shimoni miaka mitatu iliyopita, akamwachia nyumba hiyo na binti mmoja, Vanessa. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa na ukungu mweusi uliopanda kupita kitanda, na saruji imevimba. Nguo zilinuka. Mtoto alikohoa muda wote tuliokuwa pale.

“Kila siku niko napanguza,” Adolphine akasema. “Nawasha mbabula humu ndani ukuta ukauke, lakini inazidi tu. Shemeji Néhémie, ndugu ya Placide, anasema ni mi niko muchafu. Siku ya posho, Jumamosi hii, anakuya kubeba mutoto.”

Nililitoa lile jiko la makaa nje kwa hasira. Chumba hakina hata tundu la panya, naye anawasha makaa! Niliporudi, Albert alikuwa anagonga ukuta kwa kidole.

“Hii mvua ya mwaka huu…” akaanza.

Nikamtazama. Nilikuwa nimechoka, Mungu anisamehe. Nimechoka na udongo, nimechoka na mvua, na zaidi nimechoka kumsikia akiisingizia mvua. Akayaona macho yangu. Akachukua patasi, akapiga mara mbili, na kipande cha saruji kikubwa kama mlango kikaanguka. Nyuma yake matofali yalikuwa tope. Kidole chake kilizama.

“Mama Vanessa,” akasema bila kugeuka, “we hauko muchafu. Ni mi nilikosa. Placide aliniuliza kama udongo haitaoza. Nilijua itaoza. Nikamuambia sima iko nguvu.”

Adolphine akakaa kitandani. Nilidhani atatutukana, na angekuwa na haki.

“Utasema vile mbele ya shemeji?” akauliza tu.

Siku tatu tulibomoa saruji, tukafungua uwazi chini ya bati, tukachimba mfereji wa kupeleka mbali maji ya mvua. Mgongo wangu ulikuwa haunyooki. Jumamosi ukuta ulikuwa uchi, unakauka, tukisubiri kuupaka udongo mwepesi, na Néhémie akaingia na begi la kumfungia mtoto nguo.

“Angalia hii nyumba,” akasema. “Kwangu mutoto atalala fasi safi.”

Albert akanawa mikono polepole. Nilijua anachopoteza: jina la fundi likivunjika Baraka, linafika Fizi kabla ya jioni. Akayasema yote, swali la Placide humo, na kwamba alijua udongo utaoza.

Néhémie akaugusa ukuta, akauangalia mkono wake. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, “Na nyumba yangu? Ulipaka nayo vile vile?”

“Vile vile, papa.”

“Muke yangu aliweka kabati mbele ya ukungu,” Néhémie akasema. “Tangu mwaka jana. Ili bageni basione.”

Adolphine alilichukua lile begi mkononi mwa shemeji yake, akalitundika msumarini. Jumatatu tunaanza kwa Néhémie. Baada yake kuna nyumba za barabara nzima, mpaka sokoni.