Usukani wa Shemeji

Sogea, kaa hapa karibu, nikwambie jambo ambalo nimelificha miaka mingi hata kwa watu walionizoea, maana ni aibu, tena si aibu ya kuteleza matopeni watu wakacheka wakaenda zao, ni aibu iliyomnyang'anya dada yangu kitu ambacho sina namna ya kumrudishia. Nitakwenda polepole. Ukiona nimeruka mahali nisimamishe uulize, mimi huwa sichoki kueleza (na hilo, utaona, ndilo lililoniponza).

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mtu wa karatasi mjini Lamu. Sikuwa karani wa serikali, la, ila nilitoka jeshini na Kiingereza kidogo, na mtu akipata barua yenye muhuri huniletea nyumbani Wiyoni, nami humsomea na kumfafanulia neno baada ya neno mpaka uso wake ufunguke. Watu wakaniita Mwalimu, nikalipenda jina hilo kupita kiasi. Jeshini pia nilifunzwa kuendesha lori, lakini Lamu ni mji wa vichochoro, mwenye kubeba ni punda, kwa hiyo ujuzi ule ulikaa mikononi ukiniwasha.

Dada yangu Zeituni aliolewa Kismayu, ng'ambo ya mpaka, kwenye utawala wa Waitaliani. Mumewe, Abdalla, alikuwa na gari dogo lenye namba za kule, na hilo ndilo lililowalisha. Mama yetu alikaa bara, Witu, shambani kwa kaka yetu mkubwa, Bakari. Kiangazi kimoja Bakari akatuma habari kwamba mama hali chakula tena, na analolitaka ni moja tu, kumwona Zeituni. Walikuwa hawajaonana miaka saba. Abdalla akawasha gari siku ileile waliyopata habari, wakaingia kwa mpaka wa Kiunga, wakashuka na njia ya vumbi mpaka Mokowe, nami asubuhi nikavuka kwa mashua kwenda kuwapokea. Kutoka Mokowe, kwa gari lile, tungefika Witu kabla ya adhuhuri.

Abdalla akanipa karatasi aliyopewa na watu wa forodha kule Kiunga. "Shemeji, wewe ndiwe msomi. Hebu niambie imeandikwa nini."

Nikaisoma mbele na nyuma, kwa sauti, watu wa gatini wakisikiliza. Kilikuwa kibali cha muda. Nikamweleza kwa utaratibu: gari la nchi nyingine linaachwa liingie bila ushuru kwa sababu ni la mgeni na litatoka naye, kwa hiyo litoke kabla ya siku iliyoandikwa hapa, lisiuzwe, lisibebe watu wala mizigo kwa malipo, na asiazimwe mkaazi wa nchi hii, mgeni aliendeshe mwenyewe.

"Basi wewe huwezi kulishika," akasema Abdalla.

Ndipo nilipoharibu. Angekuwa mtu mwingine ningemjibu, hasa, siwezi. Lakini huyu ni mume wa dada yangu, yuko njiani siku mbili, macho mekundu kwa vumbi, na kwetu sisi mgeni, tena mkwe, hafanyi kazi mwenyeji ameketi. Hata maji ya kunawa humiminiwa mikononi. Mimi nikae kando kama gunia, yeye anipeleke katika nchi yangu mwenyewe? Nikacheka. "Kuazimana ni kwa watu baki, shemeji. Baina yangu na wewe hakuna kuazimana. Pisha, ukapumzike."

"Kaka," Zeituni akasema kutoka kiti cha nyuma, "mwache aendeshe. Yeye amelizoea."

"Mgeni hatoki jasho mimi nikiwapo."

Abdalla akahamia nyuma kwa mkewe. Nikapanda na kanzu yangu nyeupe, nikapiga honi mara tatu (barabarani palikuwa na mbuzi wawili tu, nao walikwisha pita). Jirani yangu Bwana Shee, mzee aliyekuwa akienda kijiji cha Hindi kumtazama bintiye, akapaza sauti: "Ee Mwalimu! Punda wako wa leo ana taa?" Watu wakacheka, nami badala ya kwenda zangu nikasimama ili nionekane vizuri zaidi. "Panda, Bwana Shee, ndia ni moja." Akapanda mbele na kikapu chake, akanipa vipande viwili vya ng'onda, wale samaki wakavu, kwa shukrani tu. Nikaviweka mbele ya kioo.

Hatukwenda hata nusu saa tukakuta gogo limelazwa barabarani, askari wawili, na afisa wa forodha, mtu mtaratibu, mwenye daftari. Akatazama namba, akasoma kibali.

"Abdalla ni nani?"

Abdalla, aliyekuwa amesinzia nyuma, akainua mkono.

"Na wewe unayeendesha?"

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapo bado palikuwa na pa kutokea. Ningesema huyu ni shemeji yangu, amechoka, nimekosea. Afisa mwenyewe aliniambia baadaye kwamba angenikaripia, angetubadilisha viti, angeinua gogo. Lakini kando ya barabara walisimama watu wa miguu na mizigo yao, nusu yao niliwahi kuwasomea barua, na wote wakanitazama mimi Mwalimu nikiulizwa kama mwizi. Nikajivuta. Nikasema lile ambalo mtu wa kwetu husema juu ya kitu cha mkwe wake: "Gari hili ni langu. Chake ni changu."

"Ni lako?"

"Langu."

"Unakaa wapi?"

"Wiyoni, Lamu. Nilipozaliwa."

Akaandika. Kisha akamgeukia Bwana Shee. "Na mzee huyu?"

Bwana Shee, masikini, akidhani ananisetiri, akajibu, "Mimi abiria tu, Bwana. Lakini sikupanda bure, nimempa ng'onda."

Akaandika na ng'onda. Akavitwaa vile vipande viwili, akavifunga katika karatasi viwe ushahidi. Halafu akanieleza, kwa upole uleule ninaoutumia mimi kwa watu: "Gari la nje, mkaazi wa hapa anasema ni lake, halikutolewa ushuru, na linabeba abiria kwa malipo. Nalizuia."

Abdalla akaruka chini. "Bwana, ni langu mimi! Jina langu hilo! Nipe niendeshe mwenyewe, mke wangu ana mama mgonjwa."

"Nadhani ni lako kweli. Lakini huyu amekwisha sema, watu wamesikia, nami nimeandika. Litaamuliwa Lamu, si hapa."

Mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni akasema, "Mwalimu, karatasi za wenzio wazisoma, ya kwenu imekushinda?" Kicheko kikapanda, hata askari wakageuza nyuso.

Zeituni hakucheka wala hakulia. Alishuka, akajitwika kifurushi cha nguo alizomletea mama, akaanza kutembea kuelekea Witu. Peke yake. Mumewe alikuwa akirudishwa Mokowe pamoja na gari, avushwe Lamu, kwa hiyo mimi, niliyeambiwa nitaitwa baadaye, nikamkimbilia nimeikunja kanzu mkononi. Siku ile tulifika Hindi tu, kwa binti wa Bwana Shee. Kesho yake tukatembea tena, mpaka mkokoteni wa ng'ombe ukatuonea huruma.

Tulifika Witu alasiri. Uani kwa Bakari watu wameketi mikekani. Bakari akainuka, akamshika Zeituni mabega yote mawili.

"Tumemzika jana magharibi," akasema. "Adhuhuri alikuwa na fahamu zake. Aliniuliza mara mbili kama nimesikia mlio wa gari."

Zeituni akageuka akanitazama. "Angeendesha mwenyewe," akasema, akaingia ndani kwa wanawake.

Gari lilirudishwa baada ya miezi minne na barua nyingi, nyingine niliziandika mimi. Abdalla hakunitolea neno hata moja baya. Zeituni hunisalimia, huniuliza hali ya watoto, lakini hajapata kupanda chombo chochote nilichokishika mimi. Nami usukani sijaugusa tena, wala sitaugusa.

Wewe usihofu, jambo lenyewe si gumu, mimi ndiye niliyelifanya gumu. Siku mkwe wako akija na gari la nti yake, nchi ya ng'ambo, msomee kibali mbele na nyuma, na yule mwenye jina ndiye akae kwenye usukani, hata kama amechoka. Mmiminie maji anawe, mpe chakula, mwache alale kidogo. Akiamka, kaa kando yake, umwonyeshe ndia kwa kidole.