Wota Pampu ya Pikapu ya Baba

Mpaka leo mtu akiniambia spea fulani "inaingiana", damu inanichemka. Neno hilo nililisikia katika kila duka la Tarime miaka ile ya dhahabu, wakati kila mwanamume mwenye nguvu alikuwa amekimbilia machimboni, na mafundi waliobaki mjini ni wale ambao hata machimbo yaliwakataa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Nyarero na wanangu baada ya ndoa kuvunjika. Baba alikuwa na pikapu aliyoinunua kabla sijaanza shule. Ilikuwa imelala bandani kwa sababu ilichemsha kila ilipopanda kilima. Kaka yangu mkubwa aliitaka injini yake. Huko machimboni injini za magari mabovu zilifungwa kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mimi niliitaka pikapu nzima, nibebe ndizi na mihogo ya wanawake wa kwetu mpaka sokoni Tarime, nilishe wanangu bila kumpigia mtu magoti.

Baba alitamka mbele yetu sote, mama akiwepo: "Gari likifika Tarime na kurudi bila kuchemsha, ni lako. Likichemsha, kaka yako ang'oe injini." Kaka alicheka, akakubali hapo hapo.

Spana nilizijua, maana baba alinishikisha tangu utoto, kaka akiwa malishoni na ng'ombe. Nilipofungua pampu ya maji nilitaka kulia kwa hasira. Chini ya pampu ile kuna tundu dogo. Sili ikichakaa, maji yanadondokea hapo badala ya kuingia kwenye beringi, na mwenye gari anapata habari mapema. Fundi mmoja, ambaye baba alimsifu kila siku, aliona maji yanadondoka akaliziba tundu kwa gundi ya chuma! Kuvuja kukaisha, ni kweli. Maji yakageukia ndani, yakala beringi mpaka shafti ikawa inacheza kama jino bovu. Na mtu huyo alishukuriwa, hata akachinjiwa kuku.

Niliifunga ile pampu kwenye kanga nikaenda nayo Tarime. Muuza spea wa kwanza aliitazama kwa mbali, akashusha nyingine kutoka kwenye rafu.

"Inaingiana hiyo, mama. Hesabu matundu ya bolti. Manne, manne."

"Ishike hapa, tulinganishe panapokaa puli."

"Puli ya nini tena? Mwambie mzee aje mwenyewe, au amtume fundi wake."

"Fundi ni mimi."

Akawaita wenzake waje kunitazama.

Matundu yalikuwa manne, sawa. Lakini kitako kinachobeba puli, lile gurudumu la mkanda, kilitokeza kuliko chetu, upana wa kidole. Mkanda ungekwenda upande ukaliwa kabla sijafika barabara kuu. Mapanga ya ndani, yale yanayosukuma maji, nayo yalikuwa marefu mno. Yangekwaruza ukuta wa injini. Nilimwonyesha yote mawili. Akasema nipunguze kwa tupa. Duka la pili likaniimbia wimbo ule ule. Duka la tatu hawakunisikiliza kabisa, kwa sababu nyuma yangu alisimama mteja wa machimboni, na mteja wa machimboni hasubirishwi.

Aliyeniokoa ni mama yangu mkubwa, aliyeolewa Machochwe. Uani kwake kulikuwa na lori lililokufa zamani, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Kiwanda kilichotengeneza lori lile ndicho kilichotengeneza pikapu yetu. Bodi ya pampu yake ilikuwa na ufa, tena mkubwa, haikufaa. Lakini shafti na beringi yake zilikuwa na unene ule ule wa zetu, na hazikuwa zimeliwa. Nikakata kijiti chenye urefu wa kutoka uso wa pampu yetu mpaka kitako cha puli, nikaenda nacho kwa mwenye presi, mashine ya kukandamiza vyuma, pale Tarime. Nilimsimamia mpaka akapachika vya ndani vya lori kwenye bodi ya pampu yetu, na kitako kikakoma pale kijiti kilipokoma. Nikaweka sili mpya. Lile tundu nililizibua kwa msumari.

Tulikwenda Tarime na kurudi, baba pembeni yangu, kaka amesimama nyuma juu ya mikungu ya ndizi. Sindano ya joto haikupanda hata kwenye vilima. Baba alinipiga begani, nami nilifurahi kama mtoto.

Wiki haikuisha, kaka akaja na mwenye karasha.

"Tata," akamwambia baba, "injini tumeshaiona, ni nzima. Tunaichukua."

Ndipo nilipoelewa. Kumbe aliniacha nihangaike ili nimpimie injini! Nikamkumbusha baba alichotamka. Akasema gari ni mali ya ukoo, na mimi bado kijana, nitaolewa tena.

Mwenye karasha alianza kwa kung'oa pampu. Hakuihitaji, maana kwao injini inapozwa kwa maji ya pipa. Alitaka kuitupa majanini, kisha akaigeuza na kuitazama vizuri.

"Shafti ya lori kwenye bodi ya pikapu! Nani ameiunga hii? Mtu huyu namtaka."

"Ni mimi," kaka akasema, bila kupepesa macho. Kaka yangu, ambaye hajawahi kukaza hata nati ya baiskeli.

Nikamgeukia baba. "Tata, mwambie ukweli."

Baba alimtazama mwanawe wa kiume, akanitazama mimi, akavuta koti lake mabegani.

"Walisaidiana," akasema.

Baba ameshazikwa. Kuhusu injini nilimsamehe angali hai. Neno lile sijamsamehe.