Majembe Sita ya Babu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane kule Upareni, niliwaponza babu na bibi yangu kwa kuhesabu majembe. Walikuwa wazee wawili tu, lakini shamba lao la mahindi na maharage lilipendeza kuliko lolote kijijini. Walitoka alfajiri na kiporo cha makande, wakarudi jua likizama. Hakukuwa na siri nyingine. Lakini mwenye wivu haoni jasho la mwenzake. Minong'ono ikaanza kwamba wazee wale wanalimiwa na misukule, watu waliokufa wakarudishwa kwa uchawi wafanye kazi bila kulalamika.

Siku moja mama mmoja jirani alinishika bega njiani, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwenu kuna majembe mangapi?"

"Sita," nikajibu kwa fahari. "Na yote yana udongo!"

Basi, kijiji kikapata ushahidi. Watu wawili, majembe sita! Kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mfereji, hakuna aliyekubali kunywa togwa kwa kata aliyoigusa bibi. Babu akazibua sehemu yake, akazibua na ya jirani mgonjwa, na hata ahsante hakupewa. Maji aliyoyafungulia njia waliyapeleka mashambani mwao bila kinyaa. Hasira hiyo sijaimeza hadi leo.

Jioni ile nilimuuliza babu kwa nini tuna majembe mengi. Akanionyesha yalivyoegemezwa ukutani. Manne yalikuwa ya wanawe, baba yangu na ndugu zake, waliokwenda mjini kutafuta maisha.

"Leo nimetumia la baba yako," akasema. "Kesho la shangazi yako. Jembe likikaa bure linaliwa na kutu. Wakirudi watashika nini?"

Hawakurudi. Nami nikanyamaza, kwa kuogopa kusema kwamba mbea ni mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye maombi hapa ughaibuni, Thamesmead, nyumbani kwa Mama Neema, mzaliwa wa kijiji chetu. Nikasema nimechoka, kazi ya kutunza wazee imenimaliza mgongo na mambo yangu hayaendi. Akatikisa kichwa.

"Dada, hiyo ni laana ya ukoo. Si wewe mjukuu wa wale wa majembe sita? Lazima uwakane, tukufanyie deliverance, maombi ya kukufungua."

Niwakane! Mimi hapa nikiunganisha zamu mbili naitwa mchapakazi, meneja ananiandikia kadi ya pongezi. Wazee wangu kwa bidii hiyo hiyo waliitwa wachawi, wakazikwa na jina hilo.

"Mama Neema, aliyeyahesabu majembe hayo ni mimi," nikasema. Sauti ilikuwa juu, wala sikuishusha. Nikawatajia wote waliokuwepo, jembe moja moja, lilikuwa la nani. Mama Neema akainama kumimina chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Niliondoka kabla ya maombi. Ndani ya basi nilikuwa nimemkasirikia yeye, na kijiji kizima. Lakini zaidi nilimkasirikia yule mtoto hodari wa hesabu, aliyesimama kando ya mfereji akamtazama bibi yake akinywa togwa peke yake, asiseme neno.