Kashata za Jumuiya

Nyumbani kwetu Katandala mimi ndiye niliyekuwa askari wa sukari. Mama alipoambiwa ana kisukari, kaka yangu wa Namanyere alikuja na kuku wawili, akatoa pole, akarudi kwenye mahindi yake. Nikabaki mimi, mtoto wa mwisho, niliyeachika na kurudi nyumbani. Kazi ya kumkataza mama yangu kula vitamu nikakabidhiwa bila kuulizwa. Lakini nina mdomo, na kazi ile ilihitaji mdomo.

Shida ni kwamba mama alikuwa mpika kashata. Alitusomesha kwa kashata za karanga, akiziuza kwenye ndoo ya mfuniko nje ya shule, na kila alipokata sinia, vile vipande vya pembeni visivyo na umbo vilikuwa vyake. "Hivi haviuziki," alikuwa akisema huku anatafuna. Daktari alipomkataza, kupika aliacha. Kula hakuacha. Alituma watu dukani kwa siri, akaficha kashata kwenye debe la unga wa ulezi, kwenye kifuko cha rozari, ndani ya foronya. Wala sikuhangaika kupekua. Nilikuwa naangalia mguu wa kitanda tu. Nikiona sisimizi wamepanga mstari kupanda juu, najua mama amepata mzigo.

Basi hapo tunaanza. Namfokea mpaka majirani wanapunguza redio wasikilize. Naye hakubali kushindwa.

"Mimi nimekuzaa, au wewe ndiye umenizaa mimi?"

"Ningekuzaa mimi ungekuwa na adabu."

Siku nyingine tuliishia kucheka, siku nyingine tulinuniana mpaka chakula cha jioni. Nilichoka, nasema kweli. Niliwahi kumwambia Mungu, nikiwa namenya viazi, kwamba naomba aniondolee mzigo huu.

Mwaka huu baridi ilipoanza, miguu ya mama ilivimba, halafu uso. Figo zilikuwa zimechoka. Tulilala naye hospitali, na siku ya kuruhusiwa daktari aliniita kwenye korido. Alikuwa kijana mpole, anayeongea taratibu. Alisema kwa hali aliyofikia, hata kumpeleka mbali kusafishwa damu kusingemsaidia, bora akae nyumbani na watu wake. Nikaanza kumuuliza maswali yangu ya kila siku: chumvi kiasi gani, ugali kiasi gani, matunda je. Akaniacha nimalize.

"Dada, mpe anachotaka."

"Hata vitamu?"

"Hata vitamu."

Niliichukia sauti yake ile ya upole. Nilitamani anigombeze, aniambie nimekuwa mzembe, anipe orodha ndefu ya vitu vya kumnyima.

Kwenye bajaji mama aliniuliza daktari kasemaje. Nikamjibu kasema apumzike. "Na kashata je?" akauliza, kwa uchokozi wake uleule. "Thubutu uone," nikasema. Akatabasamu, akaegemea bega langu, akafumba macho. Hapo ndipo nilipoelewa niko wapi. Mama alikuwa bado anaamini atapona, na aliamini kwa sababu nilikuwa bado namkataza. Siku nitakayomwekea kashata mkononi, nitakuwa nimemwambia kila kitu. Na kumwacha aondoke bila kuionja tena, sikuweza.

Nikapanga uongo. Jumamosi jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inasali kwetu. Ningepika kashata za wageni, niziache karibu naye, aibe kama kawaida yake, nami nimfokee kama kawaida yangu. Angekula, na asingejua.

Nilimkalisha kwenye godoro mlangoni pa jiko, blanketi mpaka shingoni, maana upepo wa milima ya Mbizi siku ile ulikuwa hauna huruma. Nikakaanga karanga, nikazipeta maganda, nikazitwanga kidogo tu. Alianza kuniamrisha kabla hata sukari haijayeyuka. Nisitie maji. Nisiache mwiko. Nidondoshee tone kwenye kikombe cha maji baridi, likiwa gumu na kukatika, tayari. Nilimwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, nikasawazisha kwa chupa. "Kata, kata! Baridi hii haikusubiri," akasema, na kwa muda ule alikuwa mama yangu wa zamani, mwenye sauti ya kuita wateja.

Nikakata vipande vya mraba, nikaliweka sinia kwenye kigoda karibu na mkono wake. "Za jumuiya hizo," nikasema kwa ukali. "Usiguse." Nikatoka uani, nikajifanya nasuuza sufuria, nikahesabu pumzi zangu, nikarudi.

Hakuwa amegusa kitu. Alikuwa ananisubiri. Nilipoingia ndipo aliponyoosha mkono, akavuka vile vya pembeni alivyovipenda, akabandua kipande cha katikati, kile kizuri cha kuuza. Akakishika mbele ya macho yangu, bila kukipeleka mdomoni.

Maneno yangu yalikuwa tayari. Nilikuwa nimeyasema miaka yote, nayajua hata usingizini. Nikafungua mdomo, yakagoma. Nilimwangalia tu, na naamini uso wangu ulikuwa kama wa yule daktari.

"Mbona hunigombezi?" mama akauliza.

Akakirudisha kipande kwenye nafasi yake, akakisukuma kwa kidole mpaka kikakaa sawasawa na wenzake. Ndipo sauti yangu ikatoka, "Mama, nimekwambia usiguse," lakini ilitoka na kilio.

"Umechelewa, mwanangu," akasema, akavuta blanketi.

Wanajumuiya walikuja, wakasali, wakala. Mmoja aliuliza nani kapika, na mama akajibu kabla yangu kwamba ni binti yake, sasa anaweza. Zilizobaki nilizitia kwenye kopo la mfuniko, nikaliweka juu ya kitanda, pale mkono wake unapofika. Sikusema ni za nani.

Asubuhi alipokuwa bado amelala nilifungua kopo, nikaona zimejaa vilevile. Nikapekua foronya, nikapekua kifuko cha rozari. Mwisho nikapiga magoti nikaangalia mguu wa kitanda, juu hadi chini. Hapakuwa na sisimizi hata mmoja.