Vifungo vya shati la fundi viatu

Saa tatu kasorobo asubuhi, Verlene Tidwell anashuka ngazi kumi na nne kwenda chini ya maktaba ya mtaa, anawasha taa ya meza ya kioo, na kabla hajatazama chochote, ananusa. Anainua bahasha ya filamu, anaipitisha chini ya pua, anaiweka kulia. Nyingine anaiweka kushoto.

"Hii imeanza kunuka siki," anasema. "Filamu ikinuka siki inakufa, kwa hiyo hii ndiyo ya kwanza leo. Iliyo nzima itasubiri."

Verlene ana miaka sitini na minane. Mwaka wa kumi na tatu sasa kazi yake ni hii: picha za vibao vya maduka na watu wa mitaa ya Toledo, jimbo la Ohio, zilizopigwa kati ya mwaka 1948 na 1961. Aliyezipiga ni mpeleka barua, marehemu Orville Stamps. Kila Jumapili baada ya ibada alizunguka na kamera yake shingoni. Alipofariki aliacha vipande vya filamu elfu nne na mia tatu ndani ya makasha ya sigara.

Verlene huvipitisha kwenye mashine kimoja kimoja viwe picha, kisha hutafuta ni mtaa upi na ni nani yule mlangoni. Hulipwa dola kumi na saba kwa saa, saa ishirini kwa wiki. Saa zikiisha, mara nyingi bado yupo.

Hii kazi hakuisomea. Miaka ishirini na miwili alipiga pasi mashati kwenye dobi kubwa karibu na reli. Dobi lilipofungwa akaja hapa kufagia, na katika kufagia akawa anachungulia mezani na kuwasahihisha wenye kazi: huyu si mhubiri, huyu ni muuza samaki kavaa nguo za Pasaka. Mkuu wa maktaba, Phil Nowak, akamnyang'anya ufagio, akampa kiti.

"Watu hutazama uso kwanza," anasema Verlene. "Mimi natazama kola."

Lakini kuna siku moja kola hakuitazama, na kosa hilo nusura libomoe jengo.

Mtaa wa Pinkard una majengo mawili ya matofali yanayotazamana, moja mashariki na moja magharibi. Katika moja kati ya hayo, Lucius Gaddis alishona viatu miaka thelathini. Kibao chake hakikuwa na hata herufi moja. Kilikuwa kiatu cha mbao, kirefu kama mtoto wa miaka mitano, kikining'inia juu ya mlango. Wateja wake wengi walikuwa wametoka Kusini mwa Marekani bila kupita shuleni. "Baba alisema kiatu kila mtu anakisoma," anaeleza binti yake, Bi Ernestine Gaddis, mwenye miaka themanini na minane.

Kamati ya majengo ya kale ilikuwa imeamua: jengo la fundi Gaddis litahifadhiwa na kuwekewa kibao cha ukumbusho, la pili litabomolewa pawe maegesho ya magari. Ushahidi ulikuwa picha moja ya Stamps. Fundi kasimama chini ya kiatu chake, mnara wa kanisa unaonekana kaskazini mwisho wa mtaa, na duka liko mkono wa kulia. Basi ni mashariki.

Bi Ernestine alikataa miaka sita. Alisema jua la asubuhi lilikuwa likiingia mlangoni hadi kwenye meza ya baba yake, kwa hiyo duka lilikuwa magharibi. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakamsaidia kuvaa koti. Verlene mwenyewe alimwambia, kwa upole, kwamba picha inasema vingine.

"Hilo ndilo linaloniuma," anasema Verlene. "Upole wangu."

Siku nne kabla ya kikao cha mwisho, kamati iliomba picha hiyo ichapwe kubwa, ukubwa wa mlango. Ikiwa ndogo kama kadi, kifungo ni nukta. Ikiwa kubwa, kifungo ni kifungo. Verlene aliitundika ukutani, akarudi nyuma, akahisi kama kuna mtu kavaa shati la mkewe. Vifungo vilikuwa upande wa kushoto wa fundi, kama vya blauzi, na mfuko wa shati upande wa kulia.

Kipande cha filamu kina sura mbili, inayong'aa na iliyofifia. Ukikilaza kifudifudi, dunia yote inageuka. Kosa hilo kwa kawaida hugunduliwa papo hapo, maana herufi za vibao husomeka kinyumenyume. Kibao hiki hakikuwa na herufi. Na kwenye bahasha, hati ya mkono ni ya Verlene, wiki yake ya nne kazini.

Ilikuwa Ijumaa. Alimkuta Bi Ernestine kwenye ukumbi wa kanisa, mbele ya sahani ya kambare wa kukaanga. Akamweleza yote akiwa amesimama.

Bi Ernestine alimaliza tonge lake kwanza. "Kwa hiyo miaka sita nilikuwa nimezeeka, leo nimekuwa kijana?"

"Leo mwenye akili ni wewe, mama."

"Haya, kaa ule samaki. Halafu ukawaambie wao."

Phil alimsihi aseme mashine ndiyo iliyokosea. Mashine haina pensheni ya kupoteza, alimwambia. Verlene alimshukuru, na Jumanne akasimama mbele ya kamati akasema kosa ni lake, mkono wake, mwandiko wake. Mwenyekiti akauliza amejuaje kwa hakika kwamba picha imegeuka.

"Mheshimiwa, tazama shati lako," alisema. "Vifungo viko mkono gani?"

Wanaume wote ukumbini waliinamisha vichwa kama watu wanaosali. Mmoja akauliza kama fundi hakuvaa tu blauzi siku hiyo. Bi Ernestine akajibu kutoka safu ya nyuma kwamba baba yake alikuwa na mabega ya kubeba piano, na blauzi hiyo ingeshonwa na fundi mahema.

Kura zilikuwa tano kwa mbili: jengo la magharibi lisiguswe hadi Oktoba, utafutwe ushahidi wa pili. Verlene hakufukuzwa.

Sasa anarudia filamu zote za Stamps zisizo na herufi, mia mbili na kumi na moja. Alhamisi Bi Ernestine huja kukaa naye, kila mmoja na kioo chake cha kukuzia. Wanatafuta kiatu hicho kikiwa nyuma ya harusi ya mtu, au gwaride, au mbwa. Mpango wa Verlene ni kukipata kabla ya majani kupukutika, kisha achongeshe kingine, akitundike kwenye mlango ule ule.

Bahasha ya picha ile iko mezani. Maneno yake ya zamani, "upande wa mashariki", bado yapo, kwa penseli ambayo kifutio kingeiondoa mara moja. Chini yake ameandika: "Si kweli. Ni magharibi. Binti yake alituambia. V.T."