Eda Aliyonyimwa Mama

Baba yangu alikufa maji katika delta ya Rufiji wakati mpunga unakaribia kuvunwa, Mwingereza akiwa bado anatawala. Nilikuwa mtoto wa miaka kama saba. Mtumbwi waliopakia boriti za mikoko ulipinduka karibu na Kiongoroni. Wenzake wawili walifika ufukoni. Yeye alipatikana kesho yake.

Mama hakuwepo kijijini. Alikuwa shambani, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya miti mirefu tunachokaa kuamia ndege, na mimba yake ilikuwa kubwa. Bibi, mama yake baba, aliamua kabla hata ya maziko. Kwetu iliaminika kwamba habari ya msiba ikimfikia mja mzito, mtoto hushtuka tumboni na kuzaliwa na mshtuko huo. Kila aliyepita njia ya mashambani aliagizwa afunge mdomo. Mimi nilishikwa kidevu.

"Baba yako yuko kambini anakata mikoko," Bibi alisema. "Ukiulizwa, hilo ndilo unalolijua."

Matanga yakafanyika bila mjane.

Nilirudishwa kwa mama, na shangazi Mwajabu akaja nami. Huyu alikuwa dada yake baba, na mawifi hawa wawili hawakuachana kwa utani. Kila baba alipochelewa, shangazi alimwambia mama kwamba mumewe ameshaoa Mafia, mwanamke wa nyumba ya bati, asiyenuka moshi. Mama alikuwa akijibu kwamba afadhali, huyo mwanamke amlishe, maana ukoo wao unakula kama viwavi.

Safari hii shangazi alipanda dungu, akauliza hali, akaketi na kuanza kumkanda mama miguu iliyovimba. Mama akauvuta mguu wake.

"Wifi, mbona leo hakuoa?"

"Kaoa," shangazi akasema. "Kaoa Mafia."

Akacheka, kisha akashuka ngazi akisema anakwenda kuteka maji. Mtungi ulikuwa umejaa.

Mama hakumuuliza tena, wala mimi hakuniuliza. Aliendelea kufukuza ndege. Lakini chakula alikigusa tu, na alfajiri nilikuwa nikimkuta ameketi, upindo wa kanga ameuuma kwa meno. Naye aliamini anachoamini Bibi, kwa hiyo hakulia.

Hamisi alizaliwa pale pale dunguni, kabla ya wakati wake. Bibi alikuja, akasubiri mama anywe uji, ndipo akamwambia. Mama akajibu kwamba anajua. Bibi akataka atajiwe aliyesema, na uso wake ulionyesha kwamba mtu huyo ataona. Mama alisema ni wifi. Shangazi akaapa hakutamka neno.

"Ndiyo," mama akasema. "Hukutamka."

Kisha akaomba kaniki, nguo nyeusi ya mjane, akae eda. Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoulizwa alijibu kama dini inavyosema: eda ya mjane mwenye mimba huisha anapojifungua. Kwa hiyo ilikuwa imekwisha.

"Imekwisha vipi, nami sijaianza?"



Hamisi alishtuka kwa kila kitu: mwiko ukianguka, jogoo akiwika, hata mtu akikohoa. Ziwa la mama alilishika akaliachia. Wenzake walipokuwa wakitambaa, yeye shingo yake ilikuwa bado haijakaza. Bibi alisema hayo ndiyo aliyoyaogopa, na kwamba msiba umemfikia mtoto licha ya hila zote.

Nikiwa mtu mzima, mkunga mmoja wa Kibiti aliniambia kwamba huzuni na hofu ya mama mjamzito inaweza kweli kumfikia mtoto na kumchelewesha kukua. Nilipomuuliza kuhusu Hamisi, alisema kwa mtoto mmoja hawezi kujua. Mama pia alikuwa hali chakula, na mtoto hakutimiza miezi. Nami sijui. Nilichoona ni kwamba Bibi hakukosea kuogopa. Ila tulimwacha mama na msiba wake peke yake juu ya miti ile, na aliyekuwa naye katika msiba huo ni Hamisi, tumboni mwake.

Hamisi alisimama akiwa na miaka mitatu. Hakupata kusema. Surua ilimchukua masika yaliyofuata, akazikwa karibu na baba. Mama alilia mpaka sauti ikakauka. Bibi alikaa kando yake, hakumnyamazisha.