Kuna Imajensi Hapa?

Juzi nilikuwa kwenye benchi la kliniki moja huku Kware, kikohozi kimenichosha. Sista akatoka mlangoni akauliza, "Kuna imajensi hapa?"

Jamaa mmoja aliyefunga kitambaa kidoleni aliruka. "Mimi! Imajensi!" Akaingia akitembea vizuri kuliko sista.

Kando yangu alikaa mama mzee. Mumewe alikuwa amemwegemea begani, anahema kama aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya saba. Nikamnong'oneza, "Mama, ukiulizwa sema imajensi."

Akanitazama kama nimemtuma akaibe. "Imajensi ni watu wa ajali, mwanangu. Huyu ni mgonjwa tu. Nidanganye, na Mungu ananisikia?"

Sista alipotoka tena, nilimwonyesha yule mzee. "Shosho, mgonjwa wako ni imajensi?" akamuuliza yule mama.

"Hapana, sista. Tutangoja."

Kamusi yangu inasema neno hilo ni hatari isiyoweza kungoja. Sisi tumeligeuza tiketi ya wenye midomo, na waungwana tumewaachia benchi. Tukishawazika, tunawasifu kwa subira yao.

Zamu yao ilipofika, mama alimtikisa mzee bega. Akamtikisa tena. Sista akainama, akamgusa shingoni, kisha akapiga kelele kuelekea ndani: "Imajensi! Leteni machela!"

Mama akageuka haraka kutazama mlangoni, aone ni nani aliyepata ajali.